Nasaba ya Kuukeni ya Nyati wa India na Kile Isichoweza Kukionyesha

Hakuna nchi yenye nyati wa kufugwa wengi kama India. Sensa ya mifugo ya mwaka 2019 ilihesabu vichwa milioni 109.85, ambavyo ni zaidi ya nusu ya nyati wote wanaofugwa duniani, na karibu nusu ya maziwa yanayokamuliwa katika taifa hilo hutoka kwa mnyama huyu ambaye, pamoja na mchango wake mkubwa, kwa miaka mingi alichunguzwa kidogo mno akilinganishwa na ng'ombe. Tangu mwanzoni mwa karne hii wanasayansi wa India wamekuwa wakisoma vinasaba vya nyati wa asili wa nchi yao, mbari kwa mbari, na matokeo waliyoyapata yanastahili kujulikana na kila anayejali mifugo ya kienyeji, kwa kuwa yanatenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa ni jambo moja: mbari ilitoka wapi, na mbari ingali hai kwa kiasi gani.

Neno mbari linatumika hapa kwa maana ya kundi la wanyama wa spishi moja linalotambulika kwa umbo, rangi, matumizi na eneo lake la asili. Mnyama anayezungumziwa ni nyati-maji, ambaye jina lake la kisayansi ni Bubalus bubalis, na hapaswi kuchanganywa na mbogo wa Serengeti au Tsavo, ambaye ni wa jenasi nyingine iitwayo Syncerus, mwenye kromosomu 52, na ambaye hakuna jamii ya Afrika iliyowahi kumfuga. Nyati-maji anatokana na nyati mwitu wa Asia, Bubalus arnee, ambaye leo wengi wake wamebaki katika bonde la mto Brahmaputra, hasa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kaziranga katika jimbo la Assam, na ambaye tangu mwaka 1986 amewekwa katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka.

Nyati-maji wa kufugwa wamegawanyika katika makundi makubwa mawili, ambayo mtaalamu wa mifugo MacGregor aliyatenganisha kwa majina mwaka 1941: nyati wa mtoni na nyati wa kinamasi. Nyati wa mtoni, anayeenea kutoka Bara Hindi kuelekea magharibi hadi Misri na Italia, hupenda maji yanayotiririka na hufugwa zaidi kwa maziwa; nyati wa kinamasi, anayeenea kutoka Assam kuelekea mashariki hadi China na Ufilipino, hupenda kugaagaa katika matope na kwa karne nyingi ndiye aliyevuta jembe katika majaruba ya mpunga. Tofauti yao haikomei kwenye tabia na umbo. Nyati wa mtoni ana kromosomu 50 na wa kinamasi ana 48, si kwa sababu mmoja amepungukiwa na urithi wowote mkubwa, bali kwa sababu kromosomu mbili za nyati wa mtoni, ya nne na ya tisa, kwa nyati wa kinamasi zimeungana ncha kwa ncha na kuwa moja. Dume na jike wa makundi haya wakikutana huzaa chotara mwenye kromosomu 49, ambaye anaweza kuzaa, ingawa sehemu ya mayai yake au mbegu zake huwa na hesabu isiyokamilika na hivyo uzazi wake hupungua.

Kabla ya kuwapo kwa vipimo vya vinasaba, mbari zilipangwa kwa kutazamwa. Pembe zilipimwa, rangi ya ngozi ikaandikwa, urefu wa mkia ukalinganishwa, kisha mbari zikawekwa katika mafungu ya kikanda. Njia hiyo ina manufaa yake, na wafugaji wenyewe hawaihitaji maabara ili kumtambua nyati wa jirani, lakini macho hudanganyika katika mambo ya asili ya kale. Mfano ulio wazi ni wa nyati wa kienyeji wa Sri Lanka, ambaye kwa umbo anafanana na nyati wa kinamasi kiasi kwamba kwa muda mrefu aliwekwa katika kundi hilo, hadi kromosomu zake zilipohesabiwa na kukutwa ni 50, yaani yeye ni nyati wa mtoni.

Ili kuifuata asili hiyo ya kale, watafiti wametegemea zaidi DNA ya mitokondria. Mitokondria ni viungo vidogo mno vilivyomo ndani ya seli, nje ya kiini chake, ambamo virutubisho hugeuzwa kuwa nishati, navyo vina DNA yao wenyewe, tofauti na ile ya kromosomu. Ndama hupata mitokondria kutoka katika yai la mama yake peke yake, kwa hiyo DNA hiyo hushuka kutoka kwa bibi hadi kwa mama na kutoka kwa mama hadi kwa mtamba bila kuchanganywa na ya dume, na tofauti zinazoonekana kati ya mnyama mmoja na mwingine zinatokana na makosa machache ya kunakili yaliyojilimbikiza katika maelfu ya miaka. Kwa nyati, DNA hiyo ina herufi zipatazo 16,360, na katika sehemu moja yake, ambayo wataalamu huiita kitanzi D, makosa hayo hujilimbikiza haraka kuliko kwingineko, jambo linaloifanya ifae sana kupima nyakati za karibu. Mpangilio mmoja kamili wa herufi hizo, unaorithiwa kama fungu, huitwa haplotaipu. Nyati wawili wenye haplotaipu moja, hata kama mmoja yuko Gujarat na mwingine Tamil Nadu, wana bibi mmoja wa kale kuukeni.

Kwa kipimo hicho, jambo la kwanza lililothibitika ni kwamba nyati wa mtoni na nyati wa kinamasi hawakutoka katika kundi moja la wanyama waliofugwa kisha wakatawanyika. Haplotaipu zao zinajitenga katika matawi mawili yaliyo mbali, na ingawa makadirio ya wakati yanatofautiana kwa kadiri ya njia ya hesabu iliyotumika, umbali huo unazidi kwa mbali sana muda wote ambao binadamu amekuwa mfugaji. Kwa maneno mengine, waliachana wakiwa mwituni, na watu wa sehemu mbili tofauti za Asia wakawafuga kila mmoja kwa wakati wake.

Kuhusu nyati wa mtoni, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na wanasayansi wa Kituo cha Biolojia ya Seli na Molekuli cha Hyderabad ulisoma kitanzi D cha nyati 217 wa mbari 8 kutoka maeneo 8 ya India, na kuwalinganisha na nyati wa Mediterania. Wanyama hao wote waliangukia katika tawi moja kubwa lenye vitawi sita. Lau nyati wote wa mtoni wangetokana na kundi dogo la majike waliofugwa mara moja mahali pamoja, mchoro wa haplotaipu zao ungeonyesha chimbuko moja na miale inayolitoka. Badala yake ulionyesha machimbuko zaidi ya moja, haplotaipu nyingi zilizokutwa kwa mnyama mmoja mmoja tu, na vitawi vichache vilivyo vya mbari fulani peke yake. Watafiti walihitimisha kwamba ufugaji haukuwa tukio la siku moja, na kwamba baada ya kundi la kwanza kufugwa, majike wa mwituni waliendelea kuingizwa katika mazizi kwa muda mrefu. Kuenea kwa fungu moja la haplotaipu hizo kulikadiriwa kulianza miaka 6,300 iliyopita, na eneo lililopendekezwa kuwa chimbuko ni magharibi ya Bara Hindi, katika nchi za asili za mbari za Mehsana, Surti na Pandharpuri, yaani Gujarat na Maharashtra za leo.

Pendekezo hilo halipingani na ushahidi wa akiolojia, kwa kuwa mifupa na michoro ya nyati inapatikana katika miji ya ustaarabu wa bonde la Indus, uliostawi kati ya mwaka 2600 na 1900 kabla ya Kristo, na mojawapo ya miji hiyo, Dholavira, iko Kutch, ndani ya Gujarat yenyewe. Ushahidi mzuri kuliko wote pengine hautoki India. Katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris, imehifadhiwa muhuri wa jiwe wenye umbo la mcheduara, usiozidi sentimita 4 kwa urefu, uliochongwa Mesopotamia kwa ajili ya Ibni-sharrum, mwandishi wa mfalme Shar-kali-sharri wa Akkad, mwishoni mwa milenia ya tatu kabla ya Kristo. Juu yake wamechongwa wanaume wawili waliopiga goti, kila mmoja ameshika chombo kinachofurika maji, na mbele ya kila mmoja nyati ameinua kichwa akinywa, huku pembe ndefu zilizopindika zikibeba kibao cha maandishi. Mchongaji aliyekata mikunjo ya pembe zile kwa usahihi wa namna hiyo alikuwa amemwona mnyama mwenyewe, naye katika nchi ile alikuwa mgeni aliyefika kutokana na mawasiliano na watu wa Indus.

Nyati wale wa Akkad hawakuacha kizazi kinachojulikana, na safari kubwa ya kwenda magharibi ilikuja kufanyika katika zama za Kiislamu. Mwanahistoria al-Baladhuri, aliyeandika katika karne ya 9, anaeleza kwamba njia iliyounganisha Antiokia na Massisa, kusini mwa Uturuki ya leo, ilikuwa imejaa simba waliowatisha wasafiri, na watu walipopeleka malalamiko kwa khalifa al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715, yeye aliwapelekea nyati 4,000, madume na majike, kuwa kinga. Nyati hao walikuwa sehemu ya maelfu waliotumwa kutoka Sindh na Muhammad bin Qasim, aliyeiteka nchi hiyo, kwenda kwa gavana wa Iraki, al-Hajjaj. Habari hii ina uzito wa pekee kwa anayesoma vinasaba, kwa sababu inataja majike. Msafara wa madume peke yao usingeacha alama yoyote katika DNA ya mitokondria, lakini nyati wa Mediterania wanabeba mpaka leo nasaba ya kuukeni inayoshikamana na ile ya nyati wa Bara Hindi.

Kisa cha nyati wa kinamasi kina sura nyingine. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba alifugwa kwanza katika bonde la Yangtze huko China, kwa sababu mifupa mingi ya nyati imefukuliwa katika makazi ya kale ya wakulima wa mpunga kama vile Hemudu. Hata hivyo, DNA iliyotolewa katika mifupa ya kale ya bonde la mto Wei, na kutangazwa mwaka 2008, ilionyesha kwamba nyati wa mifupa hiyo walikuwa wa spishi nyingine ya mwituni, iliyokwisha kutoweka, isiyokuwa na uzao miongoni mwa nyati wa leo. Utafiti wa mwaka 2016 uliojumuisha nasaba za majike na za madume uliisogeza asili ya ufugaji wake kusini zaidi, kwenye mpaka wa China na nchi za Indochina. Nchini India nyati huyu anapatikana kaskazini-mashariki, Assam na Manipur, ambako mbari yake imesajiliwa kwa jina la Luit, nalo ni jina la wenyeji la mto Brahmaputra. Kadiri mtu anavyoufuata mto huo kushuka magharibi, ndivyo anavyokutana na machotara, hadi nyati wa mtoni wanapotawala.

Nasaba ya kuukeni, pamoja na uzuri wake wote, ni sehemu ndogo sana ya urithi wa mnyama. Jeni za mitokondria ni 37 tu, ilhali zile za kiini cha seli zinakaribia 20,000 na zimeandikwa kwa herufi zaidi ya bilioni 2.6. Maziwa, mafuta ya maziwa, uwezo wa kustahimili joto na kinga dhidi ya maradhi vinategemea hasa jeni hizo za kiini, ambazo nusu yake hutoka kwa dume. Ndiyo maana utafiti mwingine wa India, uliochapishwa mwaka 2006, una umuhimu usiopungua ule wa mwaka 2007. Huo ulitumia mikrosatelaiti 27, yaani vipande vifupi vya DNA ya kromosomu vinavyojirudiarudia na kutofautiana kwa urefu kati ya mnyama na mnyama, na kila urefu tofauti huitwa aleli. Mbari 8 zilipimwa, na idadi ya aleli ilianzia 166 kwa nyati wa Toda hadi 194 kwa Mehsana na Murrah.

Matokeo hayo yaliuvunja mpangilio wa zamani uliotegemea umbo na jiografia. Mbari tatu, ambazo ni Toda, Jaffarabadi na Pandharpuri, zilijitokeza kila moja kama ukoo ulio peke yake, wakati Bhadawari, Nagpuri, Surti, Mehsana na Murrah zilionekana kuwa zimechanganyikana. Kwa Mehsana jambo hilo lilitarajiwa, kwa kuwa inajulikana kwamba mbari hiyo ilitokana na kupandanishwa kwa Murrah na Surti. Utofauti uliopimwa kati ya mbari na mbari, katika kila jozi iliyolinganishwa, ulikuwa kati ya asilimia 0.75 na asilimia 6 tu ya utofauti wote, maana yake ni kwamba sehemu kubwa sana ya utajiri wa vinasaba vya nyati wa India imo ndani ya kila mbari, kati ya mnyama na mwenzake katika zizi lilelile. Anayechukua nyati watano wazuri wa mbari fulani na kuwatunza kama vielelezo atakuwa amehifadhi jina la mbari na kuupoteza utajiri wake.

Nyati wa Toda wanastahili kuangaliwa kwa karibu. Wanaishi katika milima ya Nilgiri, jimbo la Tamil Nadu, kwenye uwanda ulioinuka zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, nao hufugwa na Watoda, kabila dogo ambalo maisha yake ya dini yamejengwa juu ya mifugo hii. Mnyama mwenyewe ana mwili mrefu, kifua kipana na manyoya mazito, na pembe zake zimeachana sana, zikitoka nje na kupanda juu kama mwezi mwandamo. Mwanaanthropolojia W. H. R. Rivers, katika kitabu chake The Todas cha mwaka 1906, aliandika kwa kirefu juu ya makundi matakatifu ya nyati, vibanda vya maziwa vyenye mapaa ya mviringo ambavyo vilikuwa pia mahali pa ibada, na wanaume waliowekwa wakfu kuhudumia maziwa hayo chini ya miiko mikali. Malisho ya Watoda yaligeuzwa kwa sehemu kubwa kuwa mashamba ya chai na viazi na misitu ya mikaratusi na miwati, na nyati wao wakapungua hadi kubaki elfu chache. Hata hivyo, aleli zao 166 ni pungufu kwa 28 tu kuliko zile za Murrah, mbari yenye makumi ya mamilioni ya vichwa, ishara kwamba sehemu kubwa ya utofauti wa vinasaba vyao imehifadhiwa. Kabila lisilo na maabara wala daftari la ukoo lilifanya kazi ambayo mashirika mengi ya uzalishaji mifugo yamekuwa yakishindwa.

Wafugaji wengine nao wameumba wanyama wa mazingira yao kwa namna ambayo haiwezi kurudiwa haraka. Katika ziwa la chumvichumvi la Chilika, jimbo la Odisha, nyati wa mbari ya Chilika huingia majini jioni, wakala nyasi na magugu ya ziwani usiku kucha huku maji yakiwafika magotini na wakati mwingine shingoni, wakanywa maji ambayo nyati mwingine angeyakataa, na kurudi asubuhi kukamuliwa. Huko Kutch, wafugaji wa Maldhari huwaachia nyati wa Banni kwenda kuchunga usiku wenyewe ili kuepuka jua, na wanyama hurejea kijijini alfajiri. Mbari hii ilitambuliwa rasmi mwaka 2010, wakati ambapo malisho yake yalikuwa yamekwisha kuvamiwa na mti uleule ambao wakazi wa Baringo nchini Kenya wanaujua kwa jina la mathenge. Bhadawari, mwenye rangi ya shaba, wa mabonde ya Yamuna na Chambal, hatoi maziwa mengi, lakini maziwa yake yana mafuta yanayoweza kufikia asilimia 13, na kwa watengenezaji wa samli hilo ndilo la maana.

Dhidi ya mbari hizi ndogo imesimama Murrah, nyati mweusi tii mwenye pembe zilizojisokota, wa wilaya za Rohtak, Hisar na Jind katika jimbo la Haryana. Sifa zake ni za kweli na hakuna sababu ya kuzipunguza: anatoa maziwa mengi, na ndiyo maana alipelekwa China mwaka 1957, Bulgaria kuanzia mwaka 1962, na baadaye Brazil, Ufilipino na kwingineko. Ndani ya India, Murrah na nyati waliokaribia kufanana naye walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya nyati wote katika sensa ya mwaka 2019. Kuenea kwake kumefanywa na uhimilishaji, yaani kupandikiza jike kwa mbegu za dume zilizogandishwa, na chini ya mpango huo jike wa kienyeji hupandwa na Murrah, binti yake hupandwa tena na Murrah, na kadhalika kizazi baada ya kizazi.

Hapa ndipo nasaba ya kuukeni inapoweza kumpotosha asiyekuwa mwangalifu. Binti wa kwanza wa jike wa kienyeji hubeba nusu ya jeni za kiini za mama yake, mjukuu hubeba robo, kitukuu sehemu moja ya nane, na katika kizazi cha tano inabaki kwa wastani sehemu moja ya 32, yaani asilimia 3 hivi. Kwa nyati, vizazi vitano ni miaka 25 hadi 30, muda ambao mfugaji mmoja anaweza kuushuhudia wote. Lakini DNA ya mitokondria ya mnyama huyo wa kizazi cha tano ni ileile ya jike wa kwanza, haijapungua hata herufi moja. Mtafiti atakayefika na kuchukua sampuli ya damu, akapima kitanzi D peke yake, atakuta haplotaipu zote za asili zipo, na anaweza kuandika kwamba mbari ni salama, ilhali mnyama aliyesimama mbele yake ni Murrah kwa asilimia 97.

Afrika Mashariki inao ushahidi wake wa kosa la namna hiyo. Ng'ombe wa asili wa Tanzania, Kenya na Uganda wenye nundu wanatambulika na kila mtu kuwa ni zebu, aina iliyotoka Asia ya Kusini, lakini tafiti za miaka ya 1990 zilizopima DNA ya mitokondria ya zebu wa Afrika zilikuta kwamba nasaba yao ya kuukeni ni ya ng'ombe wasio na nundu, waliokuwapo barani kabla yao. Nundu na sehemu kubwa ya jeni zake ziliingia kwa njia ya madume. Huko Kaziranga, na vilevile katika hifadhi ya Koshi Tappu nchini Nepal, jambo hilo linatokea hadi leo kwa nyati, kwa kuwa madume ya nyati mwitu hutoka msituni na kuwapanda majike wa vijijini, na mchango wao hauonekani kabisa katika DNA ya mitokondria ya ndama wanaozaliwa.

Idadi ya madume ina athari nyingine isiyoonekana kwa kuhesabu vichwa. Mwanajenetiki Sewall Wright alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba kasi ya kupotea kwa utofauti wa vinasaba inategemea idadi tendaji, ambayo hupatikana kwa kuzidisha madume wanaozalisha kwa majike wanaozalisha, kisha mara nne, na kugawanya kwa jumla yao. Kundi lenye majike 10,000 wanaohudumiwa na mbegu za madume 20 lina idadi tendaji ya 80 tu. Kwa upande wa urithi, utofauti wake hupotea kwa kasi ya kundi la madume 40 na majike 40 wanaopandana bila mpango. Hata Murrah, pamoja na mamilioni yake, haikingwi na hesabu hiyo ikiwa madume wachache wenye sifa ndio watakaojaza mitungi ya naitrojeni inayohifadhi mbegu za nchi nzima.

India ina chombo cha kufanya kazi inayohitajika. Ofisi ya Taifa ya Rasilimali za Vinasaba vya Wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1984 na yenye makao yake Karnal, husajili mbari, hupima utofauti wake na hutunza benki ya mbegu zilizogandishwa. Usajili wa Chilika, Banni na Luit ulikuwa uamuzi sahihi, kwa kuwa mbari isiyo na jina rasmi haipati dume wala bajeti. Lakini usajili hauna maana ikiwa mhimilishaji anayefika kijijini amebeba mbegu za Murrah peke yake. Mfugaji wa bonde la Chambal anayetaka kuendelea na Bhadawari anapaswa kuikuta mbegu ya Bhadawari katika kituo cha karibu kwa bei ileile, na anayekubali kumlisha dume wa mbari adimu kwa mwaka mzima, dume asiyetoa maziwa wala kuvuta jembe, anapaswa kulipwa kwa kazi hiyo kutoka hazina ya umma, kwa sababu anachokitunza ni mali ya taifa zima.

Vivyo hivyo, ripoti za utafiti zisiishie kwenye kitanzi D. DNA ya mitokondria ndiyo iliyoashiria kwamba huenda Gujarat na Maharashtra zilikuwa shina la nyati wa mtoni, na kwa kazi hiyo haina mshindani. Katika kuamua kama mbari fulani inaendelea kuishi, inapaswa kuambatana na vipimo vya kromosomu za kiini na vya kromosomu Y inayorithiwa na madume. Msomaji atakayeelezwa kwamba mbari fulani ya nyati, au ya ng'ombe wa kijijini kwake, imepimwa na nasaba yake ya kuukeni kukutwa kamili, aulize pia madume wanaowapanda majike hao wametoka wapi.